Jumatano, Nusu Bei

Jumatano tiketi ni nusu bei, ndiyo maana nakwenda.
Nalisema mapema, usije ukadhani mimi ni mjuzi.
Kazi yangu kuchonga funguo, kibanda kiko Mtaa wa Yaguarón,
na saa kumi na moja, baridi ya Montevideo ikianza kung'ata masikio,
nafunga, nabeba kibuyu cha yerba na chupa ya maji moto,
nampitia shemeji yangu Mirta.
Mirta analipa ili alale.
Anasema viti vya pale ni laini kuliko ndoa yake ya pili.

Juzi juzi tuliona ya wezi.
Vijana watano, nguo nyeusi, muziki wa kutwanga kifua.
Mmoja akatega sikio kwenye sefu,
akazungusha mara mbili, tatu, ikafunguka.
Sekunde nane! Nilihesabu.
Nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia.
Jamani, nimekula miaka thelathini na moja kwenye kufuli;
sefu ya namna ile ingenila mchana kutwa na nusu ya usiku,
nikatoka mgongo umepinda na matusi yameniishia.
Uongo nauvumilia. Uongo wa kazi yangu, hapana.
Ila wenye bisi zao walipiga makofi,
nami, nikiri, mguu wangu ulikuwa unatikisika.

Kabla ya hiyo, ya angani.
Mtu mmoja ndani ya chombo, analia, machozi yanaelea.
Machozi yale yalikuwa mazuri, siwezi kuwanyima.
Lakini masaa mawili na ushei ya kumkumbuka mke
aliyemwacha mwenyewe, kwa hiari yake, kitandani?
Angebaki. Nilimwambia Wáshington muuza magazeti, angebaki tu.
Akanijibu: angebaki, filamu isingekuwepo.
Ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Ya mzimu sikuimaliza. Mizimu siiogopi;
naogopa mlango unaojifungua wenyewe, kwa sababu za kikazi.

Ya mapenzi ilinyesha mwanzo mpaka mwisho.
Walibusiana wamelowa chapachapa, hakuna aliyepiga chafya.
Mirta aliamka pale pale, akatazama,
akasema, "Nimonia," akalala tena.
Sijasikia uhakiki mfupi kuliko huo, wala wa haki zaidi.

Sasa hii ya ng'ombe.
Nimeisema vibaya kwa kila mteja.
Ng'ombe mmoja, mzee mmoja, ukungu. Masaa matatu kasorobo.
Hakuna muziki. Hakuna anayekufa. Lango linafunguliwa,
lango linafungwa. Mzee anakula supu. Tunamwona akiila yote.
Watu saba walitoka; nilikuwa nahesabu, sikuwa na kazi nyingine.
Ningetoka nami, ila Mirta alikuwa amenilalia begani,
na aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.
Laiti ningelala.
Nje nikatangaza kwamba huu ndio wizi,
wale vijana watano walikuwa wanajifunza.

Basi Alhamisi, mashine inazunguka, chembe za shaba zinaruka,
mwanamke yuko dirishani, anataka funguo mbili za nyumba ya mamake.
Nikamwona yule ng'ombe.
Pale mwishoni, lango li wazi, haendi.
Anageuza kichwa polepole, anatutazama
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Nikasimamisha mashine.
"Kuna tatizo?" akauliza mwanamke.
Nikajibu, "Ng'ombe."
Alilipa haraka haraka, akaondoka.

Wiki mbili sasa. Wale wezi, nyuso zao zimenitoka.
Mtu wa angani sikumbuki kama alirudi.
Ng'ombe yupo, kila nikiinua ufunguo kwenye mwanga
kuyatazama meno yake.

Usinielewe vibaya: filamu ni mbovu, nashikilia hapo hapo.
Supu ingekatwa. Ukungu ungepunguzwa.
Lakini Jumatano hii wanaionyesha tena, mara ya mwisho,
na Mirta anasema yuko tayari, hajapata kulala vizuri vile.
Nimemwambia tutaona.
Tiketi ziko kwenye droo, chini ya funguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.